Giaboksi ya Chini ya Mashine ya Boti: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua



Katika mashine ya kupachika, sehemu iliyo karibu zaidi na mwamba, mchanga na nyavu ni giaboksi ya chini. Hiyo ndiyo sehemu inayozama majini na kubeba rafadha, ambayo mafundi wengi huiita propela. Inapovunjika, mwenye boti hujikuta mbele ya muuzaji mwenye aina kadhaa: mpya, zilizotumika, za kazi nzito, na nyingine zinazosifiwa kwamba zitaongeza mwendo. Bei hutofautiana sana, na kosa la uchaguzi huonekana baharini wakati fedha imekwisha kulipwa. Boti iliyozimikiwa mashine katika Mkondo wa Pemba haisubiri msaada mahali pamoja. Maji huisukuma kuelekea kaskazini, na wakati wa kusi upepo nao husukuma upande huohuo.

Ushauri wetu ni huu: giaboksi ichaguliwe kwa kuzingatia kazi ya boti na mzigo wake wa kila siku, wala si kwa kasi inayotajwa dukani.

Kazi za giaboksi

Giaboksi ina kazi nne. Hugeuza mzunguko wa shafti ya wima kuwa mzunguko wa mlalo. Hupunguza idadi ya mizunguko ili rafadha ipate nguvu ya kusukuma. Huvuta maji ya kupoza injini kwa pampu iliyo juu yake. Mwisho, pezi lake la chini husaidia kuongoza boti. Mabadiliko yanayoboresha kazi moja yanaweza kudhoofisha nyingine, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotoshwa.

Uwiano wa gia

Gia ndogo ikiwa na meno 13 na kubwa meno 26, uwiano ni 2.00. Injini inayozunguka mara 5,500 kwa dakika itazungusha rafadha mara 2,750. Uwiano ukiwa 1.75, rafadha itazunguka takriban mara 3,140. Tuchukue rafadha iliyopigwa chapa ya 17, maana yake kila mzunguko ungeisogeza boti inchi 17 iwapo maji yasingeteleza. Kwa hesabu hiyo tupu, uwiano wa kwanza unatoa kilomita 71 kwa saa na wa pili kilomita 81.

Tofauti hiyo ya kilomita 10 ndiyo inayouzwa. Jambo lisilosemwa ni kwamba injini ni ileile, na nguvu zake hazijaongezeka. Boti nyepesi yenye mtu mmoja huenda ikaifikia faida hiyo. Boti iliyobeba abiria 12, au samaki na barafu, hushindwa kuifikisha injini kwenye mizunguko iliyopendekezwa na mtengenezaji. Injini iliyopangiwa kufanya kazi kati ya mizunguko 5,000 na 6,000 ikikwama kwenye 4,300 huku ikiwa imefunguliwa yote, inalemewa. Itatumia petroli nyingi, itapata joto kupita kiasi, na umri wake utapungua.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kununua giaboksi kwa ajili ya kasi, jaribu kwanza kubadili rafadha. Kuongeza inchi moja katika namba hiyo ya chapa kwa kawaida hupunguza mizunguko ya injini kwa takriban 150 hadi 200 kwa dakika, na kupunguza inchi moja huiongeza kwa kiasi hichohicho. Pima ukiwa na mzigo wako wa kawaida na mita ya mizunguko inayofanya kazi. Wengi huona kwamba tatizo lao linatatuliwa kwa rafadha, ambayo gharama yake ni ndogo kuliko ya giaboksi.

Giaboksi za mbio

Zipo giaboksi zilizobuniwa mahususi kwa boti za kasi kubwa, kama ile iitwayo Sport Master ya kampuni ya Mercury Racing ya Marekani. Pua yake imechongwa ili ipasue maji kwa urahisi, na matundu ya kuvuta maji yamewekwa chini, karibu na pua. Mpangilio huo una sababu. Katika mwendo mkali sana, giaboksi ya kawaida huzungukwa na mapovu ya mvuke yanayomong'onyoa chuma na kuifanya rafadha ikose maji ya kushika. Aidha, dereva wa mbio huinua mashine ili sehemu ndogo tu iguse maji. Matundu ya kawaida yangebaki hewani na injini ingeungua.

Kwa boti ya kusafirisha watalii au ya uvuvi, faida hizo hazipatikani, kwa kuwa boti haifikii mwendo huo. Hasara zake, hata hivyo, zinabaki. Matundu ya chini hukaribia mchanga na mwani kila unapoingia ufukweni maji yakiwa yamekupwa, na mchanga huila impela ya pampu ya maji. Mwenye boti ya mizigo anafaidika zaidi na giaboksi ya kazi nzito yenye gia kubwa, uwiano mkubwa na nafasi ya rafadha pana.

Vipimo visivyokubali makadirio

Kwanza, urefu wa shafti. Vipimo vya kawaida ni inchi 15, 20 na 25. Pima ubao wa tezi inapofungwa mashine, kutoka juu hadi chini ya boti. Bamba lililo juu ya rafadha linapaswa kuwa takriban usawa na sakafu ya nje ya boti. Shafti ikiwa fupi, rafadha itavuta hewa na injini itakosa maji ya kupoza. Ikiwa ndefu mno, itaburuza maji na kugonga mwamba mapema.

Pili, idadi ya meno ya shafti. Meno ya shafti ya wima lazima yaingiane na injini yako, na meno ya shafti ya mlalo lazima yaingiane na rafadha yako. Tatu, upande wa mzunguko, hasa kwa boti yenye mashine mbili. Andika jina la modeli, mwaka na namba ya utambulisho ya mashine yako, kisha linganisha na kitabu cha vipuri cha mtengenezaji.

Unaponunua iliyotumika

Usikubali kununua kwa kutazama rangi. Rangi mpya inaweza kuficha chuma kilicholiwa na chumvi. Omba yafuatayo yafanywe mbele yako:

• Oili ya gia imwagwe. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yamepita kwenye sili. Unga laini kwenye sumaku ya skrubu ni wa kawaida. Vipande vya chuma si vya kawaida.
• Giaboksi ijazwe hewa na kupimwa shinikizo. Likishuka, sili zimechoka.
• Shafti ya rafadha izungushwe kwa mkono huku ukitazama ncha yake. Ikiyumba, imepinda.
• Pezi la chini likaguliwe kama limewahi kuchomelewa.
• Namba za utambulisho zisomeke. Zikiwa zimekwanguliwa, acha. Huenda ni mali ya wizi.

Hata giaboksi ikiwa nzima, badilisha impela kabla ya kwenda baharini.

Haki yako

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa. Ili ulindwe, kuwe na ushahidi. Usiombe bidhaa kwa jina lake pekee. Mweleze muuzaji kwa maandishi ukubwa wa boti, nguvu ya injini, idadi ya watu na aina ya safari, kisha umwombe athibitishe kwamba giaboksi hiyo inafaa kwa kazi hiyo. Dai risiti ya EFD inayotaja modeli, uwiano wa gia, urefu wa shafti na kama bidhaa ni mpya au imetumika. Masharti ya dhamana nayo yaandikwe.

Kwa boti inayobeba abiria, wasiliana na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) ukiwa Bara, au Mamlaka ya Usafiri Baharini ukiwa Zanzibar, kabla ya kubadili mfumo wa mwendo. Baada ya kufunga giaboksi, fanya jaribio karibu na pwani ukiwa na mzigo kamili lakini bila abiria, na uhakikishe maji ya kupoza yanatoka kwa nguvu. Ukigundua kasoro, simamisha matumizi, piga picha, mwarifu muuzaji kwa maandishi na uhifadhi kipuri jinsi kilivyo. Muuzaji asipotoa suluhisho, wasilisha malalamiko yako pamoja na vielelezo hivyo Tume ya Ushindani.