TABIA YAKO, KAZI YAKO NA NYUMBA YAKO

Mwalimu wa Universite anaketi mbele ya mganga. Anasema, "Kichwa kinaniuma, usingizi hauji, moyo unapiga mbio." Mganga anapima nguvu ya damu, anaona imepanda. Ndipo anauliza, "Na nyumbani, hamjambo?" Mwalimu ananyamaza. Bibi yake anajibu, "Nyumbani yeye ni mgeni. Anakuja kulala tu."

Msomaji, usiseme kwamba kazi ya mtu huyu ni nyepesi kwa sababu hashiki jembe. Mkulima akirudi, jembe linabaki mlangoni. Kazi ya mwalimu inaingia nyumbani pamoja naye, ndani ya kichwa na ndani ya mfuko wa karatasi. Tangu Universite zilipoanza katika Kongo, Lovanium mwaka 1954, Elisabethville 1956, na ile ya Waprotestanti Stanleyville 1963, wanafunzi wameongezeka sana. Tena walimu wengi wanafundisha mahali pawili au patatu ili wapate posho ya kutosha. Wengine wanakaa mbali na watoto wao majuma mengi.

Mwaka 1985 wataalamu wawili wa Marekani, Greenhaus na Beutell, walieleza kwamba kazi na nyumba zinagombana kwa njia tatu. Ya kwanza ni wakati: saa uliyoitoa huku huwezi kuitoa kule. Ya pili ni uchovu na mahangaiko. Ya tatu ni mwenendo: mtu anasema na bibi yake kama anavyosema na wanafunzi.

Lakini mbona walimu wawili wenye kazi moja hawana shida moja? Sababu mojawapo ni tabia ya kila mtu.

Mtu wa hofu. Neno dogo la kazini linamfuata mpaka kitandani. Mkubwa akimsema asubuhi, jioni watoto wanapata makemeo yasiyo yao. Uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba watu wa namna hii huona ugomvi mwingi kati ya kazi na nyumba.

Mtu wa utaratibu. Anapanga siku yake, anamaliza kwa saa. Hii ni msaada mkubwa. Lakini utaratibu ukipita kipimo unakuwa kamba. Anasahihisha karatasi moja mara tatu, hawezi kumwachia msaidizi hata moja, na usiku unaisha.

Mtu mpole. Anasikilizana na watu wa nyumba yake. Lakini asipojua kusema "hapana", anapokea kila mwanafunzi, kila mkutano, kila komite ya kanisa. Wageni wote wanashiba wema wake, watoto wake wanakula makombo.

Tabia si dhambi, wala si ugonjwa. Lakini usiifanye kificho, ukisema, "Ndivyo nilivyo." Tena tusimtwike mtu mmoja kosa lote. Mama anayefundisha mchana, kisha anapika na kuosha watoto usiku, hakukosa tabia njema. Amekosa msaidizi.

Basi fanya hivi:

1. Mwulize bwana au bibi yako, "Kazi yangu inakuumiza wapi?" Sikiliza bila hasira.

2. Weka saa ya kufunga kazi. Wewe mwenye hofu, andika mashaka ya kesho kwenye karatasi, uyaache ndani ya mfuko.

3. Wewe mwenye utaratibu, amua mbele ni karatasi ngapi utasoma leo. Zikiisha, simama.

4. Wewe mpole, usijibu upesi. Sema, "Nitauliza nyumbani kwanza."

5. Bwana, chota maji na kuogesha watoto. Heshima yako haitapungua.

6. Lala. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi.

Jambo hili si la amani ya nyumba tu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Ulimwenguni na Shirika la Kazi Ulimwenguni yalitangaza kwamba wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma wana hatari ya kupooza inayozidi kwa sehemu 35 katika 100, kuliko wale wa saa 35 mpaka 40. Nguvu ya damu ikifika 140 juu au 90 chini, na ikionekana hivyo siku mbalimbali, mfuate mganga. Ukipewa dawa, usiache kumeza kwa sababu kichwa kimepoa.

Kumbuka Musa. Aliamua maneno ya watu toka asubuhi hata jioni. Mkwewe Yetro alipoona, hakumsifu. Alimwonya kwamba atachoka kabisa, yeye na watu wake, akamfundisha kugawanya kazi (Kutoka 18). Musa alikuwa mtumishi mkubwa wa Mungu, lakini alikubali shauri.

Maulizo: Wewe una tabia gani katika hizi? Nani ni Yetro wako, na umemsikia?