NGUZO ZA BARAZA



Chini ya udongo, mbele ya kuanza kazi, unagonga mwamba wa juu na kusikiliza. Na kwako? Paa refu la baraza linakinga ukuta na mvua, lakini uzito wake uko juu ya nguzo, na upepo unaliinua. Mchwa anakula mti ndani. Nje rangi inabaki nzuri.

Mbele ya mvua ya Novemba, choma nguzo kwa kisu karibu na udongo. Kisu kikiingia bila nguvu, badilisha nguzo. Kwanza tegemeza paa. Simamisha mpya juu ya simenti, ishikwe na chuma. Funga paa kwa waya.

Watoto wako wanacheza pale kila siku.