Je, Wajua? Miwani Inayomnong'oneza Mtoto

Sogea hapa, ndugu msomaji, benchi lina nafasi. Je, wajua kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtu 1 kati ya 127 ana usonji (autism)? Hesabu nami pale Old Taxi Park, Kampala: teksi 9 zikijaa abiria 14 kila moja, ongeza kondakta mmoja, umefika 127!

Na je, wajua kwamba hesabu ya watoto wetu imeshawahi kufanywa papa hapa, Kampala na Wakiso? Daktari Angelina Kakooza-Mwesige wa Makerere na wenzake walichunguza watoto 1,169 wa miaka 2 hadi 9, wakagundua 8 wenye usonji. Walianza na maswali 23 tu kwa mzazi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014.

Sasa kaa vizuri, kuna teknolojia inayojaribu kuwasaidia watoto kama hao. Unajua uhalisia ulioongezwa? Kamera inatazama kitu cha kweli, kompyuta inaweka picha au maneno juu yake. Kofia ya kwanza ya kuweka picha juu ya vitu vya kweli, ya Ivan Sutherland mwaka 1968, ilikuwa nzito hadi ikaning'inizwa darini!

Leo ni miwani. Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kiliwavisha watoto wenye usonji miwani ya Google Glass iliyounganishwa na simu. Mama akitabasamu, kamera inamwona, na papo hapo mtoto anaambiwa: amefurahi! Programu ya miwani hiyo ilitambua sura 8, hasira na mshangao zikiwemo.

Walijaribu na watoto 71 wa miaka 6 hadi 12. 40 kati yao walipewa miwani, nyumbani kwao. Dakika 20, mara 4 kwa wiki, wiki 6. Jumlisha: saa 8! Basi la Kampala hadi Nairobi linakuchosha zaidi ya hapo. Na bado, katika kipimo cha kuchangamana na watu, waliovaa miwani waliongeza karibu pointi 5 kuwapita wenzao wasioivaa. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2019.

Unadhani Afrika haimo? Mwanamke wa Misri, Rana el Kaliouby, alikuwa akifundisha kompyuta kusoma nyuso za watu tangu alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, na baadaye akaipeleka kazi hiyo kwa watu wenye usonji.

Cambridge hiyohiyo walitengeneza kioo cha ajabu. Mtoto anashika kitu cha kawaida tu mkononi, akitazama kwenye skrini anaona ameshika gari! Watoto 12 wenye usonji wa miaka 4 hadi 7 walijaribu, wakaigiza zaidi kuliko walipocheza bila picha.

Lakini ninaloupendea mpango wa Stanford ni mchezo wake mmoja. Mzazi anakunja uso, anashtuka, anacheka, na mtoto anakisia. Sasa fikiria nyumba ya Kawempe yenye jjajja, shangazi na binamu sita. Nyuso zote hizo za kukisia, bure, kila jioni!