TAKATAKA ZA JIKONI NA JOTO LA DUNIA



Ukitupa maganda ya ndizi na ugali uliobaki katika shimo moja na makopo na nailoni, takataka hushindiliana na hewa haipiti. Chakula kikioza bila hewa hutoa gesi iitwayo methani. Haionekani, lakini huzuia joto lisitoke duniani: kwa muda wa miaka 100, kilo moja ya methani hupasha joto kama kilo 28 hivi za hewa ya ukaa.

Basi tuchome? Hapana. Moshi wa plastiki una sumu, na watoto huuvuta wakicheza nje. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini plastiki nyingine bado zipo.

Tenga mabaki ya chakula. Chimba shimo fupi kando ya bustani, mbali na maji ya kunywa. Weka majani makavu, kisha maganda, kisha udongo na majivu kidogo. Nyunyizia maji. Geuza kwa jembe kila wiki mbili ili hewa iingie. Ukisikia harufu mbaya, ujue hujageuza vya kutosha. Usitie nyama, huvuta panya. Baada ya miezi mitatu hivi utapata mbolea nyeusi ya kutilia mchicha au lengalenga.

Makopo ya mafuta usiyazike. Wapelekee mafundi wa sokoni wanaotengeneza taa na majiko. Bati lililokwisha kufuliwa halihitaji kuyeyushwa upya kiwandani.

Asiye na nafasi ya shimo aungane na jirani.