MGENI MU GOMA: MANENO YA KUSHIKA MBELE YA KUSHUKA



Vakansi kubwa inakaribia, na kila magaribi mu bweni nasikia neno moja tu: "Miye nashuka Goma." Mmoja anaenda kuona kaka yake, mwingine kutafuta nafasi ya masomo ya juu, mwingine ametumwa na mama yake kununua vitu. Mimi kapita wenu nilizaliwa Goma, mu kartie Majengo, na wazazi wangu wangali kule. Kila mwaka nyumba yetu inapokea wageni kutoka Masisi na Walikale. Ndiyo maana wenzangu wa mwaka wa mwisho waliniomba nieleze namna mgeni anavyopaswa kutembea mu mji ule. Nakubali, lakini sherti nianze na kosa letu sisi wenyeji.

Ilikuwa siku ya posho, tarehe 22 Mei 2021. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa na miaka 8. Alikuwa ametoka Walikale siku nne tu mbele ya pale. Magaribi mlima Nyiragongo ulipasuka, mbingu ikawa nyekundu, na watu wote wakakimbia, wengine upande wa Gisenyi, wengine njia ya Sake. Mimi ndiye nilikuwa nimemshika mkono. Mu msongamano ule mkono ukateleza. Niligeuka, sikumwona tena.

Moto ulisimama karibu na mji, watu wakarudi, lakini yeye hakurudi. Tarehe 27 Mei serikali iliamuru kartie 10 zihame, na Majengo ilikuwa mu hesabu. Sisi pia tukakimbilia Sake, na kule ndiko tulimkuta, mu nyumba ya mama mmoja mwenye huruma. Mama yule alitueleza:

"Nilimuuliza: kwenu ni wapi? Akajibu: kwa mama mukubwa. Nikamuuliza: mama mukubwa gani? Akajibu: mama mukubwa wa Goma."

Siku hizi tunacheka tukikumbuka jibu lile. Siku ile hakuna aliyecheka. Mtoto hakuwa mjinga. Sisi tulimpa chakula na kitanda, lakini hatukumfundisha mahali alipo. Kwa hiyo neno langu la kwanza na la mwisho ni hili: mgeni asilale usiku wa kwanza kama hajajua kusema anakaa wapi.

1. MANENO MANNE YA KUSHIKA KWA KICHWA

Ya kwanza, jina la kartie. Ya pili, jina la avenyu. Ya tatu, kitu kikubwa kilicho karibu: kanisa, shule, soko ao ronpwe. Ya ine, namba ya telefone ya mwenyeji. Usiiache mu telefone peke yake, maana telefone inaweza kuibiwa ao kuzimika. Iandike ku karatasi, uiweke mu mfuko, kiisha uikariri kama unavyokariri somo la mtihani. Mu Goma watu hawafuate sana namba za nyumba. Wanasema: "Ukifika ku Signers, panda kidogo," ao "Shukia pa Entrée Présidents." Asiyejua kile kitu kikubwa, motari atamzungusha mpaka pesa iishe.

2. KUJUA PANDE INE ZA MJI

Watoto wa milima tunajua kusoma milima, basi tufanye vile vile kule. Weka Nyiragongo ku mgongo. Mbele yako ni ziwa Kivu. Mkono wa kushoto ni Gisenyi, inchi ya Rwanda. Mkono wa kuume ni njia ya Sake, ndiyo njia ya kurudi kwetu. Kama mawingu yamefunika mlima, angalia namna inchi inavyoinama: inashuka kuelekea ziwa. Ukitoka Sake utapita Mugunga, kiisha Ndosho, kiisha Katindo, mpaka Rond-point Signers. Tangu Signers mtu anaweza kukuelekeza mahali pote.

3. NJIANI

Usiondoke kwa habari ya juma lililopita. Tangu vita ya mwaka 2025 sisi wote tumeona kwamba njia inaweza kufunguka asubuhi na kufungwa magaribi. Uliza waliopanda jana. Beba karata yako ya shule. Fanya nguvu ufike jua lingali juu, maana nyumba usiyoijua haitafutwe usiku. Ukiona chuma ao kitu cha vita kimelala chini, usikiguse, usikipige teke, usimwite rafiki aje kutazama. Pita mbali, umwambie mtu mkubwa.

4. MOTARI NA CHUKUDU

Mbele ya kupanda moto, patana bei. Usipande kwanza na kuuliza kiisha. Sema wazi: "Kaka, unifikishe Ndosho ku soko, ni ngapi?" Akitaja bei, mwambie apunguze, si haya. Kama hujui bei ya kweli, muulize mama anayeuza pembeni mbele ya kumwita motari. Juu ya chukudu, ujue kwamba likiwa na mzigo na linashuka, mwenye kulisukuma hawezi kulisimamisha upesi. Toka njiani wewe. Wenyeji wanaliheshimu sana, hata wamelijengea sanamu ya rangi ya zahabu mu ronpwe moja ya mji.

5. PESA NA SOKO

Mu soko la Virunga ao la Alanine, weka pesa ya siku ile tu mu mfuko wa mbele. Inayobaki iache kwa mwenyeji. Watu wanatumia franka na dola pamoja. Dola iliyopasuka hata kidogo watu wanaikataa. Basi ukivunja dola, hesabu pole pole mbele ya kuondoka, na angalia kila karatasi. Anayekuambia "fanya mbio, fanya mbio," huyo ndiye wa kuogopa.

6. MAJI, MAWE NA HEWA MBAYA

Goma imejengwa juu ya mawe ya moto wa zamani. Mu Januari 2002 moto ulipita mu kati ya mji wenyewe, na nyumba nyingi zimesimama leo juu ya mawe yale. Vaa viatu vigumu. Jiwe lile linakata kama kisu. Juu ya ugumu wa mawe, kuchimba choo cha shimo refu ni kazi kubwa, na watu wengi wanachota maji ya ziwa. Kwa hiyo usinywe maji bila kuuliza kama yametiwa dawa ao yamechemshwa. Kolera haijali kama uko mgeni.

Kuna pia mazuku. Ni hewa nzito inayotoka chini ya udongo na kukaa mu mashimo na mabonde, zaidi upande wa magharibi wa mji, mpaka karibu na Sake. Haionekane. Ukiingia, unakosa pumzi na kuanguka. Ukiona ndege ao mjusi amekufa mu shimo, usishuke kuokota kitu, hata kama ni mpira wako. Tena usimfuate mbio mtu aliyeanguka mle, maana nawe utaanguka. Piga kelele watu wazima waje.

7. SIKU YA HATARI

Nyiragongo ulipasuka mwaka 1977, mwaka 2002 na mwaka 2021. Mlima kuwa mwekundu usiku si lazima iwe hatari. Wenyeji wanalala chini yake. Lakini muulize mwenyeji siku ya kwanza: "Tukikimbia, tutakutana wapi?" Kwetu sasa tumechagua kanisa moja upande wa Sake, na kila mgeni anaonyeshwa njia yake mbele ya kula.

8. TUSIONE HAYA

Nimeona wengi wetu wakifika Goma wanaficha kwamba wametoka kijijini. Wanatembea kama wenyeji, hawaulize, kiisha wanapotea. Kwa nini haya? Viazi, maharagi na fromaji vinatoka Masisi, mafuta ya ngazi yanatoka Walikale. Mji ule unakula kwa mikono ya wazazi wetu. Beba kidogo ya vitu vile kwa mwenyeji wako, mgeni asifike mikono mitupu. Na ukipotea, tafuta mama anayeuza ao mzee aliyeketi mbele ya nyumba yake, useme bila kuogopa: "Mama, niko mugeni, unisaidie." Hata mara kumi. Kuuliza si ujinga.

Yule mdogo wangu leo ana miaka 12 na zaidi. Kila akija Goma, mbele ya kuweka mfuko chini anasimama mlangoni na kusema kartie, avenyu, kanisa na namba, bila kukosa hata neno. Ndugu wanacheka. Mimi sichekeshwe, namsikiliza mpaka mwisho.

Wenzangu wa mwaka wa mwisho, wengi wetu tutashuka kusoma, pengine ku ULPGL ambayo makanisa yetu ya Kiprotestanti yanaijua tangu mwaka 1985, pengine pengine. Siku moja nasi tutaitwa wenyeji, na mtoto wa kijijini atapiga hodi. Mbele ya kumpa chakula, tumfundishe mahali alipo.

Safari njema, na Mungu awalinde njiani.

Ni mimi ndugu yenu,
Kapita wa wanafunzi