Machakos ni 1,421,932: Toa watu 34 uone hesabu ikigeuka

Shika simu, fungua kikokotoo, andika 1,421,932. Hiyo ndiyo Kaunti ya Machakos nzima, kutoka Mavoko hadi Masinga, jinsi ilivyohesabiwa katika sensa ya Agosti 2019.

Sasa tuichezee kidogo. Igawanye kwa 2, inakubali. Kwa 4 pia, kwa sababu tarakimu mbili za mwisho, 32, zinagawanyika kwa 4. Haya, jaribu 8, idadi ya maeneobunge ya Machakos. Kila moja linapata watu 177,741, halafu wanne wanabaki wamesimama stejini. Kwa wadi zote 40, wanabaki 12. Nayo 3 inagoma kabisa: jumlisha tarakimu zote saba, unapata 22, na 22 haigawanyiki kwa 3.

Utamu uko hapa. Robo ya namba yetu ni 355,483, na hiyo ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Unajuaje? Kama ingekuwa zao la namba mbili, ndogo kati yao haingefika 597, maana 597 mara 597 tayari imeipita. Kwa hivyo unajaribu namba tasa kuanzia 2 hadi 593 tu. Ni majaribio 108, na yote yanaacha baki. 491 ilikaribia sana: 491 mara 724 ni 355,484. Imekosa kwa moja!

Basi Machakos ni 2 × 2 × 355,483. Haivunjiki zaidi ya hapo.

Lakini jumla hiyo ilitoka wapi? Wanaume 710,707, wanawake 711,191, na huntha 34, yaani watu waliozaliwa na maumbile yasiyoegemea wazi upande wa kiume wala wa kike. Sensa ya 2019 ndiyo ya kwanza nchini Kenya kuwahesabu kivyao, na kote nchini walikuwa 1,524. Kabla ya hapo, mtu kama huyo aliandikwa mwanamume au mwanamke. Jumla ilitimia, ila yeye hakuonekana.

Kuna atakayesema, 34 kati ya milioni moja na ushei ni kitu gani? Mwambie awatoe. Inabaki 1,421,898. Sasa 4 iliyokuwa ikikubali inagoma, na 3 iliyokuwa ikigoma inakubali. Ile namba tasa yetu haimo tena. Hiyo si Machakos iliyopungua kidogo. Ni namba nyingine kabisa.

Na si lazima wawe 34. Toa mtu mmoja tu, hata 2 itagoma. Huyo mmoja anaweza kuwa jirani yako. Anaweza kuwa wewe.