Kinacholika Katika Mashine ya Barua

Itajwapo mashine ya kupanga barua, wengi hustaajabia jinsi isomavyo anwani. Mimi, ambaye kazi yangu ni maneno, huvutiwa zaidi na kitenzi kimoja: kulika. Huko Marekani, mashine moja ya aina hii hupanga zaidi ya barua 30,000 kwa saa, na kila bahasha hubanwa baina ya mikanda na magurudumu ya mpira. Karatasi, ijapokuwa laini machoni, huusugua mpira huo hadi ukateleza. Ndipo bahasha mbili hupita pamoja, au moja ikakwama na kuraruka. Mkanda nao huachwa umejaa vumbi.

Vumbi hilo, msomaji, si la kupuuzwa. Oktoba 2001, barua zenye vijidudu vya kimeta zilipopita katika kituo cha Brentwood, mjini Washington, mbano wa mashine ulivitoa nje ya bahasha, na wafanyakazi wawili wakafariki. Baadaye desturi ya kupuliza vumbi kwa upepo wa kompresa ilipigwa marufuku, likawa linafyonzwa. Kwa hivyo simwafiki mhandisi anayeupima ubora wa mkanda kwa miezi utakayodumu pekee. Aulizwe pia: ukilika, chembe zake huelekea wapi, na ni nani azivutaye puani?